Koti Lililoshonwa Mfuko

Shule niliishia darasa la pili, lakini hakuna mtu wa Mungaa aliyewahi kuniona nikiomba chumvi kwa jirani. Hata miaka ile ya njaa, tulipokwisha kuhamia kijiji cha ujamaa na mtama ukatukaukia shambani, mimi fedha nilikuwa nayo. Nilichuuza kuku, nikiwapeleka mjini kwa baiskeli niliyoinunua kwa jasho langu.

Ila kupata fedha ni kazi moja, kuituliza mfukoni ni nyingine. Mjini kulikuwa na mwenye duka, Mhindi mpole sana. Anauliza kwanza habari za watoto, halafu anasema chukua tu, utalipa ukija. Nikawa nachukua. Nikija na kuku, kuku ni wake tayari. Siku nilipomaliza deni niliapa: kuanzia sasa, taslimu tu. Na ili mkono wangu usinisaliti, mke wangu akawa anaishona fedha ndani ya koti. Mfuko wa chakula aliufunga kwa uzi wa gunia; wa matumizi aliuacha wazi. Nikirudi, anakagua uzi kabla ya kunipa maji.

Basi tukasikia mahindi ya njano yatafika Sepuka siku ya mnada, yauzwe duka la ushirika, fedha mkononi. Nyumbani unga ulikuwa umekwisha, watoto wamelalia uji mwepesi. Nilitoka alfajiri, njia nzima napapasa kifua kama fedha bado ipo. Kila aliyenisalimia nilimwona mwizi.

Lori likachelewa. Pale mnadani nikamkuta shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amesimama kwa mtu anayeuza redio. Akataka tuchange tuinunue, mahindi lori lingine litaleta. Nikamwambia mfuko umeshonwa.

"Shemeji, dada yangu ameshona koti au amekushona wewe?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini macho yangu yalikuwa barabarani. Je, lori lisipokuja? Nitarudi na nini? Redio ikaimba, akainunua peke yake kwa fedha yake yote.

Lori lilipofika foleni ikajipanga yenyewe kwa mabega. Nilihesabiwa mtu mwenye nguvu siku zile, hakuna aliyenipita. Lakini nilipofika mbele magunia yalikuwa yanakwisha, na uzi wa mke wangu ukakataa. Kucha zikateleza kwa jasho. Nikavuta, koti likalia, uzi haukukatika.

"Kama huna fedha pisha wenzako," muuzaji akasema, na tayari anamtazama wa nyuma yangu.

Nikavua koti, nikauma uzi. Meno yakauma, uzi ukabaki. Ndipo mkono ukapenya pembeni na kisu kidogo. Alikuwa shemeji, redio kwapani. Safari hii hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye mahindi.

Nilipata debe langu. Nyuma yangu waliobaki walirudi na vikapu vitupu.

Nyumbani mke wangu hakutazama mahindi kwanza. Aligeuza koti, akapitisha kidole.

"Uzi umekatwa kwa kisu. Umekitoa wapi?"

"Cha kaka yako."

 Akaenda kwenye debe, akachota mahindi ya kututosha, akaongeza ya mtu mmoja zaidi kwenye jiwe la kusagia. Jua lilipokuwa linashuka tukasikia redio inakuja njiani. Shemeji aliiweka katikati ya uwanja, akatuambia tusikilize bure, na hakuondoka mpaka ugali ulipoiva.