Duara la Ugali

Nafundisha hesabu Rongo, na nikifika nyumbani Homa Bay sitaki hata kuisikia. Jumapili hiyo binti wa kaka yangu alining'ang'ania kabla sijanawa mikono: mistari miwili ikikata duara kwa umbali sawa kutoka katikati, kwa nini lazima ilingane?

"Si upime tu," kaka akamwambia.

Hilo lilinikera. Kupima si kuthibitisha.

Ugali ulikuwa umepinduliwa kwenye sinia, mviringo safi. Kwa kisu nikachora juu yake mistari miwili, mmoja upande wa mama, mwingine upande wa kaka. Nikaunganisha katikati na ncha za mistari hiyo, nikaeleza jinsi pembetatu zilivyolingana, nikanogewa kabisa. Kwetu ugali huwa mmoja, na kila mtu humega upande wake.

"Kwa hivyo mistari ni sawa," nikamaliza.

"Wa baba ni mfupi, shangazi."

Kweli, ncha zote mbili zilikuwa zimeshaliwa.

"Lakini mwanzoni ilikuwa sawa?" mama akaniuliza. "Umethibitisha?"

"Nimethibitisha, mama."

Akaondoa bakuli la samaki mbele ya kaka, akalisogeza kwangu.