Shemeji Kebo na Matundu ya Swichi

Niseme mapema nisije kulaumiwa: simpendi shemeji yangu. Sikumpenda alipokuja kumposa mdogo wangu, sikumpenda siku ya harusi, na kwa yaliyotokea mwaka huu sitarajii kuanza. Anayetaka sifa zake akamuulize mkewe. Mimi nitasema ninayoyajua, na najua mengi, maana licha ya ushemeji wetu tulikuwa tunafanya kazi shirika moja la maji, jengo moja, yeye ghorofa ya juu kwenye chumba chenye kiyoyozi, mimi chini kabisa, masjala, kwenye mafaili na vumbi.

Ofisini anaitwa Kebo. Jina hilo alilipata alipoajiriwa kuvuta waya za kompyuta, na alizivuta kweli: darini, ukutani, chini ya mazulia, chini ya meza. Umekaa unaandika, unasikia kitu kinagusa kiatu, unainama, unakutana na kisogo cha shemeji yako. "Inua mguu." Hana salamu, hana samahani. Suruali zake zote zilichakaa magotini kabla ya kuchakaa kwingine, na mdogo wangu akawa hodari wa kutia viraka.

Kwa asiyejua kazi yenyewe: waya wa kila kompyuta unaishia kwenye kisanduku kinachoitwa swichi, chenye matundu mengi yaliyopangwa kwa safu, na kila waya una tundu lake. Tatizo ni kwamba waliotangulia hawakuandika popote tundu lipi ni la nani. Mtandao ukimsumbua mhasibu, Kebo alikuwa anachomoa waya mmoja huko juu, mwenzake anasimama koridoni anapiga kelele, "Nani amekatika?" Wanajibu watu wengine kabisa, tena kwa matusi. Anachomeka huo, anachomoa mwingine. Asubuhi nzima inakwenda hivyo, jengo zima likimlaani.

Matusi hayo hayakumgusa. Hili ndilo la kumjua Kebo: mwite mvivu, mwite mchafu, mwambie hamstahili mke aliyempata (nilishamwambia), atakutazama tu mpaka umalize. Lakini usiguse kazi aliyoifanya kwa mkono wake. Siku ya kuja kujitambulisha kwetu alikuwa ametufungia soketi mpya sebuleni, na mjomba, kwa utani tu, akasema imeinama. Kebo aliacha chakula, akatoka nje kwenye begi lake, akarudi na pimamaji. Akaiweka juu ya soketi mbele ya wazee, akamwita mjomba aje aone mwenyewe kiputo cha hewa kimekaa katikati. Mjomba ana maradhi ya mgongo. Akainamishwa hivyohivyo. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, mimi nikaona tunaingiza kichaa kwenye ukoo.

Alipochoka kutambaa alijifunza kuandika skripti. Hayo ni maagizo ambayo unaiandikia kompyuta mara moja, nayo inayafuata yenyewe kila ukiiambia. Mdogo wangu anasema kwa miezi alikuwa akirudi nyumbani anakula bila kujua anakula nini, kisha anainamia kompyuta yake kuukuu na kuanza kugombana nayo. Alichokiandika, nakubali kwa shingo upande, kilikuwa kitu cha akili. Kila kompyuta na kila printa ina namba yake iliyotoka nayo kiwandani. Mashine ikituma chochote kwenye mtandao, swichi inaisikia, inakumbuka kwamba namba hii iko kwenye tundu hili. Skripti ya Kebo ilizizungukia swichi zote za jengo, ikiuliza kila moja nani yuko wapi, halafu ikaandika: hapa ni printa ya ankara, hapa ni kompyuta ya mapokezi. Siku ya kwanza tu ilimwonyesha printa ambayo wote tuliamini imeibwa. Ilikuwa nyuma ya kabati chumba cha mikutano, inawaka, haina kosa. Aliipata akiwa amekaa kwenye kiti. Hata mimi nilimpongeza, na mnajua nilivyo naye.

Angeishia hapo nisingekuwa na la kusema. Lakini meneja alipita, akavuta kiti, akatazama kioo cha kompyuta yale majina yakishuka.

"Kwa hiyo hii inajua mashine ya nani inafanya kazi?"

"Inajua," Kebo akasema.

"Na isiyofanya kazi, maana yake mwenyewe hajafika?"

Swali hilo lilikuwa na jibu moja la kweli, hapana, na Kebo alilijua. Ila nafasi ya mkuu wa kitengo ilikuwa wazi, na katika miaka yote ya kutambaa hakuna mkubwa aliyewahi kuvuta kiti kutazama kazi yake. Akasema, "Inaweza kutumika hivyo." Maneno hayo nimeyapata kwa katibu muhtasi wa meneja, na yule mwanamke haongezi wala hapunguzi.

Basi ikaanza kutumika hivyo. Skripti inazunguka kutwa, na kila Ijumaa meneja analetewa taarifa ya nani alikuwa kazini na nani alitoroka. Watu walimchukia Kebo kwa moyo wote. Akikaa kantini, waliokaa wanahama na sahani zao. Mhasibu alimwita mbwa wa getini, usoni kabisa. Kuna aliyemwagia chai kibodi yake, na hatujui ni nani kwa sababu tulikuwa wengi wa kudhaniwa. Kebo alifuta chai, akaendelea.

Na mtoro kuliko watoro wote, kwa mujibu wa skripti, nilikuwa mimi.

Mimi! Ninayefungua masjala kabla mfagizi hajamaliza ngazi! Kazi yangu ni karatasi. Natafuta faili, nalitoa, nalipanga, naandika namba za kurasa kwa kalamu. Kompyuta naigusa faili linapotoka na linaporudi, basi. Katikati hapo inalala, maana ni kongwe na imezoea kulala. Swichi nayo ikikaa dakika tano bila kuisikia mashine, inaisahau. Skripti ikipita inakuta tundu langu tupu, inaandika sipo. Nikapewa onyo. Nikapewa la pili. Kisha nikaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na kamati ile haiiti mtu kumpa pole. Mama yetu anaishi kwangu, na dawa zake za figo zinalipwa na bima ya kazi yangu. Nikifukuzwa, dawa zinakatika mwezi huohuo, na mshahara wa Kebo hauwezi kuzinunua. Hayo hakuna wa kumweleza Kebo, anayajua vizuri.

Jumapili nilikwenda kwao. Hodi yangu haikuwa ya adabu. Alikuwa mezani, mdogo wangu anapakua.

"Shemeji, mimi mtoro?"

"Mashine yako inanyamaza sana," akasema bila kuinua macho. "Nitakuja niiwekee kitu kidogo kiwe kinaita kila dakika. Utaonekana upo."

"Nionekane nipo? Si nipo! Yaani nidanganye ili nionekane kama nilivyo?"

"Ndiyo njia rahisi, shemeji."

"Njia rahisi ni wewe kumwambia meneja kwamba hicho kidude chako kinajua mashine, hakijui watu."

"Nikimwambia leo ataniuliza kwa nini sikumwambia mwanzo."

"Na kwa nini hukumwambia?"

Alimega tonge, akalirudisha sahanini. Mdogo wangu akamgusa bega, akamwambia, "Mwambie." Ndipo likamtoka. Wiki ya kwanza kabisa skripti ilimwandika meneja mwenyewe hayupo, siku baada ya siku, kwa sababu meneja husaini karatasi na kuongea na simu, na kompyuta yake ni pambo la meza. Kebo alipoona vile aliongeza mstari mmoja kwenye skripti ili iliruke tundu la meneja. Halafu akaongeza mwingine kwa ajili ya naibu wake.

Alijua! Alijua tangu wiki ya kwanza kwamba kidude chake kinasingizia watu, akawaopoa wakubwa, akamwacha mama mkwe wake.

"Hayo utayasema kwenye kamati?"

"Shemeji, usiniharibie," akasema.

Niliondoka bila kugusa chakula cha mdogo wangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Njiani nilipiga hesabu. Nikisema mimi, meneja atataka ushahidi, Kebo atatazama sakafu, nami nitaonekana mtoro mwenye mdomo mrefu. Ilibidi aseme yeye, kwa kinywa chake, mbele yao. Na jengo lile lote hakuna anayejua kumchokoza Kebo kuliko mimi.

Kamati ilikaa chumba cha mikutano. Meneja katikati, naibu wake kushoto, ofisa utumishi kulia, mwanamke mwenye miwani ambaye hata yeye alishaonywa kwa utoro na skripti hiyohiyo. Kebo alikuwa ameitwa kuieleza taarifa. Alikaa pembeni, kompyuta mapajani, amevaa shati jeupe analovaa kwenye misiba na harusi. Kabla hatujaanza akainua mkono.

"Meneja, naomba niseme neno kwanza."

Nikamkatiza hapohapo. Sikutaka aanze na maneno yake ya kitaalamu wote wakalala.

"Aseme nini huyu? Huyu si fundi. Alichoandika ni takataka, kimeharibika tangu siku ya kwanza."

Kebo akanigeukia. "Hakijaharibika."

"Kimeharibika. Kinasoma ovyoovyo. Pengine tundu unaloita langu ni la taa ya chooni."

"Mama, tumia lugha nzuri," ofisa utumishi akasema.

"Natumia lugha inayomfaa. Fundi huandika kitu kinachofanya kazi. Huyu amebahatisha tu, na ile printa aliyojisifia kuipata, ninavyomjua, aliificha mwenyewe."

Mishipa ya shingo ikamsimama. Akainuka kwa ghafla, kompyuta nusura ianguke.

"Nimebahatisha? Tundu lako ni la kumi na saba, swichi ya chini, na halijawahi kukosewa hata mara moja! Skripti haijakosea kitu! Inasema mashine imenyamaza, na imenyamaza kweli! Wapi nimeandika kwamba mashine ikinyamaza mtu hayupo? Hilo ni lenu! Hata meneja ilimkuta yuko kimya wiki nzima, na ilikuwa sahihi, ikabidi nimtoe mimi kwa mkono wangu, yeye na naibu wake!"

Naibu alimtazama meneja. Meneja alitazama ukuta. Ofisa utumishi alivua miwani, akaiweka mezani taratibu.

"Umewatoa?" akauliza.

"Nimewatoa," Kebo akasema, sasa sauti imemwisha, akakaa.

Nilifurahi. Sitajifanya hapa kwamba niliona huruma. Nilifurahi mpaka nikafumba mdomo kwa kiganja.

Maonyo yangu yalifutwa, na ya wenzangu pia, na taarifa ya Ijumaa ikafa kimyakimya. Meneja hakuguswa, maana wa aina yake hawaguswi. Kebo alihamishiwa vituo vya pampu, mbali na mji, kuvuta waya na kufunga mita, na nafasi ya mkuu wa kitengo akapewa mtu kutoka nje. Skripti yenyewe wamebaki nayo. Wanatafutia printa.

Siku ileile ya kamati, jioni, mdogo wangu alipiga simu. Nilidhani ananishukuru kwa ajili ya mama.

"Umemdhalilisha mume wangu mbele za watu."

"Nimeokoa dawa za mama yako."

"Dada, alikuwa anakwenda kusema mwenyewe. Ulipoondoka Jumapili tulizungumza, akakubali. Alitaka aanze yeye, aeleze kwa utaratibu, aombe radhi, labda wangemwachia hata kazi yake. Hukumpa nafasi."

"Kama alitaka kusema, angesema Jumapili."

"Jumapili alikuwa anaogopa. Kwani wewe hujawahi kuogopa?"

Akakata simu. Tangu hapo anakuja kumwona mama mimi nikiwa kazini, anaacha vyombo vimeoshwa, anaondoka kabla sijarudi.

Kebo hafichi uso wake. Kila mwisho wa mwezi anapita nyumbani kwangu akitoka huko kwenye mapampu, viatu vimejaa tope, anavivua mlangoni, ananiita shemeji, nami nampokea kikapu. Hajaniomba radhi, nami sijamwomba. Anakwenda kukaa kitandani kwa mama, anakagua taa yake, anampimia dawa za jioni, wanacheka mambo yao. Juzi niko mlangoni na sinia la chai nikamsikia mama akimuuliza kwa nini siku hizi wamempeleka mbali hivyo, kuna ubaya gani aliwafanyia.

"Hakuna ubaya, mama," akamwambia. "Niliomba mwenyewe. Huko ndiko kwenye kazi nyingi."

Nilisimama pale mpaka chai ikapoa. Kwa jibu hilo namchukia kuliko kwa yote aliyonitendea.