Maharage ya Mzee Jenereta

Katika ndoa yake yote Mama Pindo aliona wivu mara moja tu, na wenyewe haukuwa wivu wa mwanamke. Ulikuwa wivu wa sufuria. Cheka ukitaka. Yeye hakucheka, maana roho ilimuuma kweli, tena ikamuuma ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mwenye kumuuma alikuwa akimletea chai kila asubuhi.

Waliomwita Mama Pindo hawakukosea, kwa kuwa mtaa mzima hakukuwa na sare ya shule ambayo hakuwahi kuishusha au kuipandisha pindo. Cherehani yake ilikaa mlangoni, hatua chache kutoka jikoni, na hivyo ndivyo alivyolea watoto: mguu kwenye cherehani, sikio kwenye chungu. Akisikia kinafurika, anaruka, anakoroga, anapunguza moto, anarudi kwenye mshono kabla mteja hajamaliza kulalamika. Na bado chakula chake kilisifiwa, maharage yake hasa. Watoto waliramba sahani. Mumewe, fundi wa jenereta ambaye hakujua hata kiberiti kinakaa wapi, alikuwa akirudi kazini anajitupa kwenye kiti chake sebuleni, mgongo kwenye ukuta wa jiko, anasubiri kuitwa mezani.

Mzee Jenereta alikuwa amestaafu siku si nyingi pale mkewe alipoteleza kizingitini akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mkono ukafungwa plasta, cherehani ikafunikwa shuka, na mzee wa watu akaingia jikoni akiwa amekunja mikono ya shati kama anakwenda kuzibua bomba.

Wali wa kwanza ulikuwa uji juu, mchele katikati, mkaa chini. Mama Pindo alicheka mpaka plasta ikamtonesha.

"Punguza moto, baba watoto! Hapo si karakana."

"Nimepunguza."

"Umepunguza nini, na nyusi zako zinanuka?"

Alikata mboga kwanza ndipo akaziosha, zikamtoka utamu wote kwenye beseni. Alitia chumvi, akasahau, akatia tena. Lakini mtu yule alikuwa na jambo moja: kosa la leo hulioni kesho. Aliuliza kila kitu, akaonja kila kitu, na alipopatia alitabasamu peke yake mbele ya jiko. Mkewe, akiwa amekaa kwenye kigoda na mkono wake umening'inizwa shingoni, alimwelekeza kwa furaha. Mwanafunzi mbumbumbu humfurahisha sana mwalimu, hadi siku atakapoacha kuwa mbumbumbu.

Siku hiyo ilikuja na maharage. Muuza mkaa wa jirani, mwanamke asiyejua kumung'unya maneno, alipita kuleta gunia, akapewa bakuli. Akala kimya, jambo ambalo kwake si la kawaida.

"Dada, haya umepika wewe?"

"Kwa mkono upi?"

"Mh! Basi mwambie mzee aniongeze. Na ukipona, jirani yangu, usiwe na haraka ya kurudi jikoni."

Mama Pindo alicheka kicheko cha meno ya juu. Muuza mkaa alipoondoka, alichota kijiko akaonja kwa makini, kama anayekagua mshono wa fundi mwingine. Rojo lilikuwa zito, tamu, limetulia. Yalikuwa maharage yake yeye, lakini yalikuwa yameendelea mbele bila yeye. Akaweka kijiko chini.

Plasta ikatolewa. Alidhani mwiko utarudi kwa mwenyewe.

"Pumzika kwanza, mama watoto," mumewe alimwambia. "Mkono haujakaza."

Hajawahi kufanya kazi iliyomchosha kama kupumzika kule. Alikaa kwenye cherehani akivunja sindano, huku harufu nzuri ikimfuata hadi mlangoni, na wateja wanauliza, "Mzee anapika nini leo?" Mzee! Miaka yote alipowapimia na kuwashonea huku akipika, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza mama anapika nini.

Mchana mmoja alichungulia. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya jiko, hakorogi, hafanyi lolote, kichwa amekilaza upande.

"Unaumwa?"

"Nasikiliza kitunguu."

"Kinakuimbia?"

"Kikiwa bado na maji kinapiga kelele. Kikianza kunyamaza, kimefika." Alisema hivyo kwa upole, kama alivyokuwa akisema kuhusu mashine zake.

Mama Pindo alirudi kwenye cherehani akiwa amefura. Nani aliwahi kumpa yeye nafasi ya kukaa akasikiliza kitunguu? Kitunguu chake siku zote kiliivia njiani, kwa sababu mlangoni kuna mtu ameshika sketi iliyokatika zipu, mtoto analia, na mzee mwenyewe yuko sebuleni anasubiri kuitwa. Mpe yeye kigoda na mchana mzima, uone kama asingepika hivyo! Wivu wake ulikuwa na haki, na wivu wenye haki ndio mbaya zaidi, maana mtu haoni sababu ya kuuficha.

Hapo ndipo binti yao, kifungua mimba, muuguzi aliyekuwa akikaa mbali, alipopiga simu. Anakuja Jumapili kumtambulisha mchumba wake, na shangazi wa mchumba anakuja naye. Mama Pindo alishangilia, akauliza wale nini.

"Aa, mama, wewe usijisumbue. Mwambie tu baba apike yale maharage yake."

Yake. Neno hilo lilimkaa kooni siku zote zilizobaki. Maharage aliyomlea nayo yule mtoto, leo yamebadilishiwa mwenyewe, tena kwa simu! Na wakwe wataingia nyumbani, watakula, watatoka wakisema mama wa binti anashona vizuri. Hapana. Jumapili ile watu watakula mkono wake, wapende wasipende.

Jumapili asubuhi mzee alitoa sufuria kubwa, akaikazia macho.

"Mama watoto, nikipikia watu wengi hivi, mtindo ni uleule?"

Mama Pindo alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Hakuinua uso.

"Sufuria kubwa ina mambo yake. Nyanya unatia toka mwanzo, na ndimu, yachemke pamoja na maharage mabichi."

Kila aliyewahi kupika maharage anajua hapo alimfanyia nini. Maharage mabichi ukiyatilia nyanya na ndimu yanagoma, unaweza kuyachemsha mpaka mkaa uishe.

"Toka mwanzo?" mzee aliuliza.

"Toka mwanzo."

Alimtazama kidogo. "Haya," akasema, akachukua ndimu.

Mama Pindo hakuishia hapo. Alikuwa ameshapeleka maharage mengine kwa muuza mkaa tangu alfajiri, yanachemka huko polepole bila nyanya wala ndimu. Akisikia mumewe anaongeza maji, mshono unamwenda kombo. Akisikia anaongeza mkaa, anakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili asisikie.

Wageni walifika. Mchumba alikuwa seremala, kijana mrefu mwenye haya. Shangazi mtu alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyetangaza kwamba amekuja na njaa yake kamili. Maharage yakapakuliwa. Shangazi akatia kijiko kinywani, akatafuna, kikasikika kitu kama kokoto. Akashika shavu. Seremala akameza mazima, macho yakamtoka. Binti akamtazama baba yake kwa aibu mpaka mzee akainamisha kichwa.

"Nimekosea mimi," Mzee Jenereta alisema. "Uzee huu nimejitia mpishi. Mnisamehe, wageni wetu."

Mama Pindo alikuwa ameshasimama. "Bahati nzuri nilichemsha mengine kwa jirani," akasema, na sauti yake ikamtoka nyepesi kupita alivyotaka. "Nipeni muda mfupi tu."

Akayaunga haraka haraka, kama kawaida yake. Wakala, wakaongeza, shangazi akasema mkwe wao ametoka kwenye jiko la maana. Binti alimkumbatia mamake shingoni, akamnong'oneza, "Mama, wewe ni wewe tu." Maneno aliyokuwa na kiu nayo ndiyo hayo. Aliyapokea akimwangalia mumewe, aliyekuwa akizungumza na seremala kuhusu mbao, na yakapita bila kumkolea.

Jua lilikuwa bado juu wageni walipoondoka. Waliosha vyombo pamoja, yeye anasugua, mzee anasuuza. Sufuria kubwa ilikuwa imekaa sakafuni na maharage yake yaliyogoma.

"Nilijua," mzee alisema.

Sponji ikasimama.

"Ulijua nini?"

"Kile kiti changu kimegusana na ukuta huu miaka yote. Ukitia nyanya kwenye kitunguu cha moto, sufuria inapiga kelele, shaa! Halafu unamimina maharage yaliyoiva. Siku zote. Sijakusikia hata siku moja ukianza na nyanya. Unadhani yale maharage nilijifunzia wapi? Nilikuwa nakusikiliza wewe."

"Sasa kwa nini ulitia?"

Alisuuza sahani moja pande zote mbili. "Ulitaka jiko lako. Ungeniomba ningekupa. Lakini kuomba wewe huwezi." Akajifuta mikono, akachukua mwiko ukutani, akamwekea karibu. "Mimi nilikuwa nafurahi tu. Mtu amekaa nyumbani, hana kazi." Akatoka.

Mama Pindo alisikia kiti cha sebuleni kikilia, mgongo ukiegemea ukuta palepale pa zamani. Jiko lilikuwa lake lote. Aliona aibu, ndiyo, lakini tusimtakase: chini ya aibu wivu ulikuwa palepale, tena mkubwa zaidi. Hata kushindwa mtu yule alishindwa vizuri kuliko yeye alivyoshinda.

Alichota rojo la sufuria kubwa kwa ncha ya mwiko, akiruka maharage, akaonja. Pamoja na ndimu yote ile, kitunguu alichokaanga mzee mwishoni kilikuwa mle, kitamu, kimetulia. Akaonja tena.

Kisha akavuta kigoda, akakiweka kando ya jiko, akasimama akikitazama. Mdomo ulimwia mzito. Mara mbili alitaka kuita, mara mbili akajikohoza tu.

"Baba watoto," aliita hatimaye, kupitia ukutani.

"Naam."

"Njoo. Naomba unionyeshe hicho kitunguu."