Kibanio Chekundu

Kwenye kila boksi kulikuwa na maneno ya Kiingereza yaliyolazwa upande kama yanapigwa na upepo. Tajiri wangu, ambaye hakuamini kwamba mteja anaweza kusoma kitu bila kusaidiwa, aliyaandika upya kwa Kiswahili, kwa kalamu nene: TAYARI KUKIMBIA. Alikuwa mzee wa Kisomali mwenye duka la vifaa vya umeme katikati ya Eldoret, na yale magari madogo ya mashindano, ya kuendeshwa kwa rimoti, yalimfikia yakiwa yameshaunganishwa kiwandani. Unatoa kwenye boksi, unachaji betri, unakimbiza. Hivyo ndivyo alivyowaambia watu.

Ulikuwa uongo, na uongo huo ulikuwa ukiniangukia mimi kila Jumatatu. Nilikuwa fundi wake, nimewekwa kwenye meza ya nyuma pamoja na taa na chuma cha kulehemu. Gurudumu limechomoka. Gia imelika. Usukani unavuta kushoto. Mteja anasimama kaunta na kuuliza, "Fundi ako wapi?" Tajiri ananionyesha kwa kidevu, na mteja anatazama pembe zote akimtafuta mwanamume. "Ni mimi," nasema. "Leta." Sikuwa na subira siku hizo. Sasa ninayo kidogo, lakini msinijaribu.

Gari lililofungwa kiwandani limefungwa na mtu anayetaka kwenda nyumbani. Niliwaambia hivyo wote, na wote walicheka, na wote walirudi. Kabla hujalisogeza hata hatua moja, pitia skrubu zote. Zile zinazoingia kwenye chuma hulegea kwa mtetemo, kwa hiyo unafungua moja baada ya nyingine, unatia tone la rangi ya kucha, unakaza. Mimi nilitumia nyekundu, na juu yake nilichora mstari mwembamba kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa gari. Mstari ukikatika, najua skrubu imezunguka au kuna mtu ametia mkono. Kisha gia. Unapitisha ukanda wa karatasi kati ya gia ndogo ya mota na ile kubwa, unakaza mota, unatoa karatasi. Ikitoka imekunjamana lakini haijachanika, gia zimepeana nafasi yao. Ikichanika, zitatafunana hadi zibaki vibogoyo. Baada ya hapo kuna vumbi letu, ambalo huingia kwenye beringi hata ukifunika gari kwa blanketi.

Lakini ugonjwa uliowasumbua watu zaidi haukuwa wa skrubu wala gia. Ulikuwa wa hewa. Magari ya siku zile yalisikilizana na rimoti kwa kristali ndogo, ukubwa wa ukucha, na kila kristali ilikuwa na rangi yake. Rangi zilikuwa sita. Watu wawili wenye kristali za rangi moja wakiwasha rimoti kwa wakati mmoja, gari halijui limsikilize nani. Linapiga kichwa kwenye jiwe. Mwenyewe anakuja kwangu akilalamika kwamba gari lina pepo.

Kwa hiyo niliweka sheria. Tulikuwa tukikutana Jumamosi kwenye uwanja wa murram, udongo mwekundu ulioshindiliwa, nyuma ya stoo za mahindi, watu wanane au tisa. Nilipigilia ubao ukutani, nikabana vibanio sita vya nguo, kila kimoja nimekipaka rangi yake. Ukitaka kuwasha rimoti, kwanza chukua kibanio cha rangi yako, ukibane kwenye nguo yako. Kama hakipo, hewa iko na mtu, ngoja. Ukimaliza, rudisha. "Hewa iko na nani?" ndiyo ilikuwa salamu yetu pale uwanjani.

Nyekundu ilikuwa yangu na ya mkulima mmoja wa Moiben, mashambani nje ya mji. Alikuwa mtu mzima, mwenye mahindi na ng'ombe wa maziwa, na sijui mpaka leo gari dogo lilimwingia moyoni vipi. Alinunua gari lake wiki ileile niliyojinunulia langu, la boksi lilelile. Alikuja na koti la suti na buti za shambani, amebeba gari kwenye gunia. Jumamosi moja ya mwanzoni aliwasha rimoti bila kibanio wakati langu likiwa mbioni. Gari langu liligeuka ghafla, likaparamia ukuta wa stoo, likavunjika mkono unaoshika gurudumu la mbele.

Nilimkaripia mbele ya watu wote. Mtu aliyenipita kwa miaka ishirini! "Mzee, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini wewe umevunja la mwenzio! Bila kibanio usiwashe! Hata niende choo, hata niende Uganda, kama kibanio sijarudisha, usiwashe!"

Alivua kofia. "Pole, Mama Fundi," akasema. "Nimesikia."

Na kweli alisikia. Tangu siku hiyo alisimama kando ya ubao kama mtu aliye kwenye foleni ya benki, gari chini ya kwapa, akingoja zamu yake. Mimi, kwa kiburi, wakati mwingine nilizunguka mara mbili zaidi ya haki yangu.

Jumamosi baada ya kura ya mwaka 2007 tulikwenda uwanjani kwa sababu hakuna aliyeweza kukaa ndani. Matokeo yalikuwa hayajatoka. Kila redio mjini ilikuwa ikisema kitu na hakuna redio iliyosema kitu. Tulikuja watano. Nilichukua kibanio chekundu, nikakibana kwenye mfuko wa aproni, nikaanza kukimbiza gari vibaya, kona zote naingia kwa kasi mno. Simu zikaanza kulia, moja, ya pili, halafu zote. Mtu mmoja alipokea, akasikiliza, akaondoka bila kuaga. Nikaona moshi upande wa mtaa wa Huruma, ambako nilikuwa nimepanga chumba. Nililinyanyua gari likiwa bado linazungusha magurudumu, nikakimbia.

Nilipogeuka nyuma mara moja tu, mkulima wa Moiben alikuwa bado amesimama kando ya ubao, gari chini ya kwapa. Hakuwa amepokea simu. Hakuwa na haraka.

Sitasimulia Huruma. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo walishasimuliwa vya kutosha. Gari langu, nililokuwa nimeliingiza ndani, liliungua na kitanda changu na kila kitu nilichokuwa nacho. Nililala wiki tatu kwenye uwanja wa maonyesho, chini ya turubali, kisha lori likatubeba hadi upande wa Nyeri kwa dada ya baba yangu. Kufika huko ndipo nilipoingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, nikatoa kibanio chekundu. Nilicheka, kisha nikalia hadi shangazi akaja kuona kuna nini.

Nyeri sikuweza kukaa. Nasema hivyo ingawa nilikaa mwaka na miezi. Nilikaza bawaba za milango yote ya shangazi. Nilikaza mishikio ya sufuria, miguu ya viti, redio niliifungua na kuifunga mara nne ilhali haikuwa na kasoro. "Wewe, kaa chini hata chai ipoe," shangazi alikuwa akiniambia. Nikikaa, namwona yule mzee kando ya ubao. Kwa nini hakuwa na haraka? Sisi wote tulitawanyika kama siafu waliomwagiwa maji, yeye amesimama. Je, alikuwa akijua? Watu wa lugha yake waliotuchomea walikuwa wameshaambizana huko kwao, na yeye akaja kukimbiza kigari nami akijua chumba changu kitaungua? Nilimchukia asubuhi. Jioni nilijionea aibu. Kesho yake nilianza tena. Kama alijua, basi sikuwa na mji wa kurudi, maana kama hata yule alijua, ningemwamini nani Eldoret?

Tajiri alipiga simu. "Meza yako iko," akasema. "Magari imejaa. Kuna kijana nilileta, anakaza skrubu kama anafunga gunia. Kuja."

"Hajji, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Kuja tuogope hapa."

Nikarudi. Huruma sikukanyaga, nilipanga Munyaka, ambako watu wa lugha yangu walikuwa wamejazana, na jina lenyewe kwetu maana yake ni bahati. Nyuma ya mlango niliweka mfuko: nguo mbili, vyeti, bisibisi zangu nzuri. Dukani, kengele ya mlango ikilia tu, nilikuwa nimeshainuka. Tajiri alikuwa ameandika maboksi mapya vilevile. Nilimwomba afute yale maneno. Aliyasoma polepole, kana kwamba hakuyaandika yeye, akageuza maboksi yote yakatazama ukuta.

Mkulima alikuja wiki ya tatu, mchana. Koti lilelile, gunia lilelile. Alisimama kaunta, na huyu hakuuliza fundi yuko wapi.

"Mama Fundi. Umerudi."

"Nimerudi, Mzee."

"Watu wako?"

"Wako salama. Na wako?"

"Wako."

Nilitaka kumuuliza pale pale, swali lilikuwa mdomoni. Nikasema, "Leta hiyo gari." Ndicho kitu pekee nilichojua kusema.

Nililiweka chini ya taa. Nimefungua magari mengi maishani, na gari halijui kuficha. Matairi yalikuwa yamelala upande mmoja, bapa, jinsi yanavyofanya yakisimama miezi mingi. Grisi ilikuwa imegeuka nta. Meno ya gia yalikuwa makali kama siku niliyoyapanga. Betri ilikuwa imefura na kufa. Nikawasha tochi, nikapitia skrubu moja moja. Mistari yangu ya rangi ya kucha ilikuwa yote mizima. Hakuna hata mmoja uliokatika.

"Hii gari haijakimbia," nikasema.

"Haijakimbia."

"Tangu lini?"

"Si unajua tangu lini?"

"Imeharibika nini?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake na mkewe. "Haijaharibika. Kibanio si uko nacho? Ulisema hata uende Uganda."

Nilikaa chini. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi, nilikaa kwenye kiti na makalio yangu yakakubali.

"Mzee," nikasema, "kristali zinauzwa hapa kaunta. Ungebadilisha tu. Ungechukua kijani."

"Tajiri aliniambia hivyo." Alikuwa akizungusha kofia mikononi. "Lakini nikichukua kijani, ni kama nimesema haurudi."

Kutoka kaunta, tajiri alijifanya anahesabu balbu.

Nililia, na sikujificha. Kisha nikapangusa uso, nikasafisha gia, nikatia grisi mpya, nikachukua betri nyingine kwenye rafu bila kuomba ruhusa. Nilipowasha rimoti, magurudumu ya mbele yalitetemeka, yakavuta kushoto, nikarekebisha, yakanyooka. Nilitoa kibanio kwenye droo na kukibana kwenye kola ya koti lake. "Hewa ni yako, Mzee. Zamu yangu imekwisha zamani."

Swali langu sikuuliza siku hiyo. Nililiuliza miaka mitatu baadaye, tukiwa uwanjani wawili tu. Alisema kwamba Jumamosi ile simu yake aliiacha Moiben, kwamba alisimama kwa sababu hakujua kinachotokea, kisha akatembea hadi nyumbani, akafunga lango, akakaa ndani na kuogopa. "Nilifunga lango," alirudia. "Sikufungua. Kwa wale wabaya na kwa wale wazuri pia." Aliinamisha kichwa aliposema hivyo, nami namwamini, isipokuwa siku ambazo siwezi. Rangi ya kucha inaniambia habari za gari. Kwa mtu haifanyi kazi.

Magari ya siku hizi hayana kristali. Rimoti na gari vinatafutana vyenyewe hewani, watu ishirini wanaweza kuwasha pamoja na hakuna anayemwingilia mwenzake. Tajiri alishakufa, Mungu amrehemu, na duka ni la mwanawe. Ubao wa vibanio uling'olewa stoo ilipopakwa rangi. Kimebaki chekundu peke yake, na kinakaa Moiben.

Mfuko wangu ungali nyuma ya mlango. Vyeti, nguo mbili, bisibisi. Kila uchaguzi ukikaribia ninalala vibaya, ninakaza vitu visivyolegea, na mwanawe tajiri ananiambia niende nyumbani nikapumzike. Na kila mara, wiki moja kabla ya kura, yule mzee anashuka kutoka Moiben na koti lake. Sasa anatembea na fimbo. Haleti gari. Anapita kaunta mpaka kwenye meza yangu, anatoa kibanio mfukoni, anakibana kwenye aproni yangu.

"Ukikimbia," ananiambia, "kimbia na hii."