Kitambaa Shingoni mwa Chupa

Zamani nyumba safi ilikuwa nyumba isiyonuka chochote, lakini siku hizi nyumba isiyonuka maua ya kiwandani huambiwa haijadekiwa.

Dobi alipenda kuwaambia watu maneno hayo, hasa waliotoka dukani na vichupa vya buluu na vya waridi. Aliwaambia kwa sauti, wakiwa wamesimama mlangoni pake, wala hakujali wakinuna. Alifua nguo za watu tangu ndevu hazijamwota mpaka zilipoingia mvi, na aliamini kwamba mtu aliyefua chupi za mtaa mzima ana haki ya kuuambia mtaa mzima ukweli.

Kusoma alijifundisha mwenyewe, kwa magazeti aliyofungia nguo zilizopigwa pasi. Mkewe hakujua kusoma na hakuona hasara yake. Mkewe ndiye aliyekuwa akili ya ile kazi. Alitandika majani makavu ndani ya debe lililotobolewa chini, akajaza majivu ya kuni ngumu, akamimina maji ya mvua, kisha akaendelea na shughuli zake huku debe likidondosha maji ya rangi ya chai, tone kwa tone. Maji hayo aliyachemsha mpaka yakapungua. Akitaka kujua kama yameiva alitia yai bichi: likizama, bado, likielea, tayari. Yakichanganywa na mafuta yalikuwa sabuni. Yakizimuliwa kwa maji mengi yalidekia sakafu, yalisugua masufuria na kung'oa uchafu kwenye kola za mashati. Yasipozimuliwa yalikula ngozi.

Kwa hiyo kila chupa ya maji makali ilifungwa kitambaa shingoni, kipande cha shuka kuukuu, mafundo mawili. Aliyeona kitambaa alijua: usishike kwa mkono mtupu, zimua kwanza. Mtoto wao wa kiume alilijua hilo kabla hajajua kuvaa viatu.

Mke alipokufa, Dobi aliendelea kufunga vitambaa vilevile, mafundo mawili yaleyale. Alibaki na tamaa moja tu duniani: mwanawe asihame, na debe lile lisikauke yeye akiondoka. Tamaa hiyo hakuwahi kumwambia mtu. Alidhani kununa kwake kunatosha kuieleza.

Mwanawe, fundi bomba, alioa fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye vidole virefu, aliyeshona magauni ya maharusi. Wakapewa chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa, cherehani ikawekwa penye mwanga. Wiki ya kwanza mkaza mwana alizitupa nje dawa zote za kusafishia za dukani ambazo mumewe alikuwa amenunua kwa siri. Zilimbana kifua, alisema. Siku hiyo Dobi nusura acheke. Alijiambia, huyu ni wetu.

Furaha ile haikufika mwisho wa mwezi. Mkaza mwana hakuja uani kuuliza habari za debe. Aliuliza simu yake. Akaanza kuloweka maganda ya machungwa kwenye siki, akakamua ndimu, akapanga chupa kwenye rafu ya chumba cha mbele, pembeni ya zile za mzee, kila moja na karatasi yake iliyoandikwa vizuri: ya sakafu, ya vioo, ya choo.

"Baba, jaribu na hii," alisema. "Siki, ndimu na maganda. Haina sumu hata chembe."

"Unadeki au unatengeneza saladi?"

"Ya kudekia, baba."

"Basi usisahau chumvi. Sakafu isije ikalalamika haina ladha."

"Sakafu haijalalamika, baba. Wanaolalamika ni wenye meno machache."

Fundi bomba alicheka, na Dobi akakiweka kicheko kile akibani kama mtu anavyoweka deni.

Jambo lililomchoma zaidi lilikuwa birika. Lilikuwa birika la marehemu, na ndani yake chokaa ya maji ilikuwa imeganda miaka na miaka, nene kama plasta. Majivu hayakuwahi kuitoa. Mkaza mwana alichemsha siki ndani yake asubuhi moja, akalisuuza, akalileta mezani liking'aa hadi tako. Jirani, mwanamke asiyejua kunyamaza, akapiga makofi.

"Mama mwenye nyumba angeliona hili angefurahi!"

"Birika lilikuwa la mke wangu," Dobi alisema, "na chokaa ile ilikuwa ya mke wangu. Nani kakutuma kuitoa?"

Mkaza mwana akamimina chai. Dobi akaonja, akasema ina harufu ya siki, ingawa haikuwa nayo.

Baadaye mkaza mwana alimfuata uani. Mkononi alikuwa na kalamu na vipande vya karatasi.

"Baba, na zako niziandikie? Zinafanana na zangu. Rangi moja."

"Mwenye nyumba hii hakujua kusoma, na hakuna aliyekufa. Wewe umesoma. Zisome."

"Chupa isiyo na maandishi inasomwaje?"

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ukikaa utajua."

Dobi alitaka mkaza mwana amwombe. Alitaka akae chini, kwenye kile kigoda cha marehemu, aseme, nifundishe. Yule mwanamke alimtazama kidogo, akazirudisha karatasi mfukoni, akaenda zake kushona. Nyumba ikabaki hivyo, watu wawili wenye nia moja ya kuosha bila sumu, wakitemeana sumu kila siku.

Kisha ikaja kazi kubwa, gauni la hariri nyeupe la bibi harusi, ambaye mama yake alikuwa na ndugu wengi wenye binti wengi. Mkaza mwana akataka chumba kizima kiwe safi kabla hajaitoa hariri kwenye mfuko. Alifuta madirisha, akapangusa cherehani, akaja mpaka kwenye rafu. Akashusha chupa zote, akazisuuza mpaka karatasi zake zikalowa na kubanduka, akasugua mbao, akazirudisha kwa kimo, fupi mbele na ndefu nyuma; karatasi angeziandika upya baadaye. Vile vitambaa vichafu vya shingoni alivifungua, akavifua, akavianika.

Dobi alikuwa amekaa uani na redio yake. Aliviona kwenye kamba, vinne, vyeupe kuliko vilivyowahi kuwa, vikicheza na upepo. Alilijua shuka lile. Alijua pia maana ya vitambaa kuwa kambani na si shingoni. Ulimi wake, uliokuwa na neno kwa kila kichupa cha mtaa, siku hiyo ulikosa la kusema. Akija kuuliza nitamwambia, alijisemea. Hakuzaliwa bila mdomo.

Akaongeza sauti ya redio.

Asubuhi iliyofuata mkaza mwana alichukua chupa aliyodhani ni ya maganda ya machungwa, akasugua meza ya kukatia vitambaa, iliyokuwa imenywa mafuta ya cherehani. Kitambaa cha kusugulia kilimchopoka mikononi, kikiteleza kama kilichotiwa ute. Mikono haikumuuma. Mafuta yalikuwa yakitoka vizuri ajabu, kwa hiyo akamimina tena, akasugua tena, vidole vikiwa vimelowa. Maumivu yalikuja yakiwa yamechelewa, na yalipokuja yalikuja yote.

Dobi alisikia kelele, akakimbia kama kijana. Aliona chupa, akaona vidole.

"Maji! Maji mengi!" Alimkokota mpaka bombani, akaishika mikono yake miwili chini ya maji, akaishikilia hata alipotaka kuichomoa. Ngozi ya vidole ilikuwa imelainika na kujikunja kama ya mtu aliyekaa mtoni siku nzima, na chini yake palikuwa pekundu.

"Ni nini hiki?" mwanamke alisema, meno yakigongana.

"Maji ya majivu. Makali."

"Mbona hayakuandikwa?"

"Yaliandikwa. Umeyafua ukayaanika."

Hakuelewa. Aliyeelewa ni mumewe, aliporudi jioni, baada ya mganga wa zahanati kusema vidole havitashika sindano kwa muda mrefu, na gauni likawa limekwenda kwa fundi mwingine. Fundi bomba alisimama mbele ya rafu, akazitazama shingo tupu za chupa. Kisha akatoka uani.

"Baba. Uliviona vitambaa kwenye kamba?"

Dobi angeweza kusema hapana. Lakini alikuwa amejivunia ukweli maisha yake yote, na sasa ukweli ulimdai.

"Niliviona."

"Ukanyamaza."

"Mtu haingii nyumba ya watu akavua alama zake bila kuuliza."

"Nyumba ya watu?" Mwanawe aliyarudia maneno hayo polepole. "Kumbe tuko kwa watu. Na kuuliza aliuliza, baba. Alikuja na kalamu mkononi."

"Wewe naye umelishwa maneno. Kweli moto huzaa jivu."

"Ndiyo. Na jivu limemla mke wangu vidole, moto ukiwa umekaa unasikiliza redio." Akalitazama lile debe. "Mama angesema. Hata angekuwa anamchukia, angesema."

Dobi aliinuka. Akaenda kumimina maji kwenye debe la majivu.

Walihama mchana kweupe, mtaa ukitazama. Cherehani ilipandishwa kwenye mkokoteni, na godoro, na mfuko wa nguo. Mkaza mwana alibeba birika kwapani, kwa sababu vidole havikuweza kushika mpini. Vidole vilikuwa vimefungwa kwa vile vitambaa vya shuka, safi, mafundo mawili kila mkono, na Dobi akajua mwanawe ndiye aliyemfunga.

"Kwaheri, baba," mkaza mwana alisema.

Mkokoteni ukasogea. Dobi akatoka mpaka barabarani, akitafuta neno kati ya maneno yote aliyojifundisha, na lililotoka ni hili:

"Kazeni kamba ya hiyo cherehani! Itawaangukia!"

"Imekazwa," mwanawe alisema bila kugeuka.

Wakapita duka la vichupa vya buluu na waridi, wakakata kona, yule mwanamke akiwa wa mwisho, mikono yake myeupe ameinyanyua kifuani isigongwe na watu. Dobi hakuwaona tena.