Ersilia Paglione na Ukuta Usio na Mawe

Kila neno hapa ni kweli tupu. Asiyeamini apande mwenyewe hadi kijiji cha Pietravolta, milimani Italia, akaulize, na akijibiwa vingine, ajue ameuliza wavivu.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jua halijavuka mlima, lakini Ersilia Paglione amekwisha kupiga magoti shimoni, mwiko wa mwashi mkononi, akikwangua udongo na kulaani. Analaani nzi, analaani mgongo wake, kisha anarudi kwenye ugomvi wake wa siku zote: karatasi.

“Miaka kumi na tisa ninawachimbia!” anafoka. “Ile sakafu ya vijiwe yenye picha za samaki, iliyoko makumbusho, nani aliifunua? Mimi. Kasome kibao chake sasa. Utadhani samaki wale waliogelea wenyewe mpaka juu.”

Hapa kila tabaka la udongo lina karatasi yake, na anayelifunua huijaza na kutia sahihi. Vitabu huandikwa kutokana na karatasi hizo. Lakini kibarua hatii sahihi. Kibarua anasukuma toroli. Wanaotia sahihi ni wanafunzi wanaokuja kila Julai, kwenye shule ya kiangazi, kujifunza kuchimbua majengo ya Warumi wa kale.

Basi mwaka huu, akiwa na miaka sitini na mmoja, Ersilia amejiandikisha kuwa mwanafunzi. Kama kibarua alikuwa akipata yuro arobaini na tano kwa siku. Ada ni yuro elfu moja na mia nane, nayo imetoka kwenye akiba aliyoiweka atie meno ya bandia.

“Mkate mkavu nitauloweka kwenye mvinyo,” anasema. “Lakini jina langu watalimeza, watake wasitake.”

Wapo wanaoapa kwamba mama huyu hunusa tofali la Kirumi likiwa mita mbili chini ya ardhi, hata akiwa na mafua. Mwandishi hana sababu ya kuwapinga.

Saa mbili asubuhi Profesa Lanzi, mkuu wa uchimbaji, anasimama ukingoni mwa shimo. Ana haraka; Ijumaa kuna wageni. Ananyoosha kidole kwenye ukanda wa udongo mweusi, laini, unaokatiza shimo.

“Huo ni mtaro wa wakulima tu. Uchimbeni wote kwa sululu, adhuhuri uwe umekwisha.”

Bettina, mwanafunzi wa miaka ishirini, anainua sululu. Ersilia anakwenda kuketi juu ya ule ukanda.

“Ukipiga hapa, binti, unanipiga mimi.”

“Shangazi Ersilia, tafadhali,” anasema profesa, maana hapa wote humwita shangazi. “Tusianze.”

“Tumeshaanza! Mwaka huu mimi si kibarua wako, nimelipa. Haya, nifundishe: mtaro wa wakulima huwa na chokaa chini?”

Anamwaga ndoo ya maji. Udongo ulioloa unabadilika rangi, na kingo mbili zinajitokeza, zimenyooka kama uzi wa fundi. Anakwangua kidogo. Chembe nyeupe za chokaa zinamtazama profesa.

“Huu ulikuwa ukuta. Mawe yaling’olewa, nafasi ikajaa udongo. Ukiuchimba kwa sululu, hata alama yake umeiua.”

“Na mawe yako wapi?”

“Jikoni kwangu! Kijiji kizima kimejengwa kwayo. Babu zetu walikuwa wezi, profesa, lakini walijua ukuta wakiuona.”

Bettina anacheka mpaka kwikwi inamshika. Profesa anashuka, anapiga magoti, anakwangua.

“Fungueni karatasi,” anasema hatimaye, na kwa mazoea ya mkono anampa Bettina ubao wa kuandikia.

Ersilia anasimama. Mwiko bado uko mkononi.

“Si yangu,” Bettina anasema upesi, akimpelekea ubao. “Mimi nilitaka kuupiga sululu. Shika, shangazi.”

Ersilia anaandika akikandamiza kalamu hadi karatasi inatoboka.

“Nafasi ni ndogo,” profesa ananong’ona. “Jina andika kwa kifupi.”

“Kwa kifupi mmeniandika miaka kumi na tisa.”

Mwakani anataka shimo lake mwenyewe alisimamie. “Wakininyima, nachimba jikoni kwangu. Waje wao, walipe ada kwangu.”

Kabla ya kupeleka makala haya gazetini, mwandishi alimsomea Ersilia. Kichwa cha habari kilikuwa “Mama wa Kijiji Avumbua Ukuta wa Mita Mia.”

“Mama wa kijiji ndiye nani?” Ersilia aliuliza. “Hana jina? Na hizo mita mia umepima kwa ulimi? Ni kumi na moja! Mzee mzima huoni haya?”

Kichwa kimebadilishwa. Faini aliyomtoza mwandishi ilikuwa kusukuma toroli ishirini za udongo, juani. Mwandishi alisukuma, akafuta jasho, akatangaza kwamba amemaliza.

“Kumi na nane,” alisema Ersilia.

Mwandishi akairudia toroli.