Njiwa wa Juu ya Bati

Fundi cherehani wa mtaa ule aliitwa Mama Pindo, na aliyempa jina hilo alijua alichokuwa akifanya. Nguo aliyoishona ingeweza kuchakaa viwiko, ikageuzwa kuwa dekio, lakini pindo lake halikufumuka. Na mambo ya watu aliyashona vivyo hivyo. Ukimkosea, alikwambia, "Yamekwisha, ndugu yangu," akakata uzi kwa meno, nawe ukaenda zako ukidhani kweli yamekwisha.

Njiwa hakuwapenda. Walikuwa wa mumewe, aliyewajengea banda juu ya paa la jiko na kuwadekeza kuliko wanawe. Alikuwa mwanachama wa chama cha wafuga njiwa wa mashindano, chama chenye watu wachache, ubao mmoja wa majina ya washindi, na mwenyekiti mmoja asiyeng'oka: kaka yake mkubwa, muuza saruji na misumari, mwenye kitambi na koti moja la kahawia alilovaa bandani miaka nenda miaka rudi. Vyama vya kujifurahisha hulea chuki kuliko ofisi. Ofisini angalau kuna mshahara wa kumtuliza mtu.

Kanuni hawakuwa nazo. Walikuwa na mwenyekiti. Njiwa wa kinyozi alipotua kwa jirani, mwenyekiti alisema, "Tuangalie hali ya mtu." Njiwa wa fundi bomba alipofika pete imekatika, "Tuangalie hali ya mtu." Hali iliangaliwa sana, hasa ya wale waliojua kumsifia njiwa wake.

Ikaja Jumamosi moja. Njiwa walikuwa wamekwisha kupakiwa kwenye lori kwenda kuachiliwa mbali huko, mume wa Mama Pindo alipoamka alfajiri, akashika kifua, akaanguka. Hakuinuka tena. Kufika adhuhuri ua ulikuwa umefurika waombolezaji. Na hapo, mbele ya macho ya wote, njiwa wake mweupe aliyeitwa Barua akatokea angani, peke yake, wa kwanza, akatua juu ya bati.

Barua alitazama chini. Akaona viti, vilio, watu asiowajua. Akagoma kuingia bandani. Njiwa asipoingia hakamatwi, na asipokamatwa pete ya mpira ya mguuni haivuliwi. Na pete ndiyo inayopelekwa kwenye meza ya chama.

Mwenyekiti naye alimwona. Akainuka kwenye kiti cha wafiwa, akanong'ona kwamba anakwenda msalani. Hakwenda msalani. Alikwenda nyumbani kwake, akamsubiri njiwa wake mwenyewe, akamvua pete.

Baada ya maziko kinyozi ndiye aliyethubutu kuuliza. "Mwenyekiti, mbona Barua alitangulia? Tuangalie hali basi, marehemu..."

"Njiwa wa juu ya bati si njiwa aliyefika," mwenyekiti akamkata. "Sheria ni msumeno."

"Sheria ipi hiyo?"

"Hiyo niliyoisema sasa hivi."

Jina la mwenyekiti likaandikwa kwa rangi ubaoni, mshindi. Mjane alipoletewa habari, alimgeukia shemeji yake. "Yamekwisha, shemeji," akasema.

Kwanza ilimbidi ajifunze kulea njiwa alioachiwa. Walimkimbia kana kwamba ni paka, hadi siku moja ya baridi alipojitupia koti kuukuu la marehemu na kupanda bandani. Wakamjia mabegani. Kumbe njiwa hamjui mtu, anajua vazi. Mama Pindo alikaa chini kwenye manyoya na vinyesi, akalia kwanza, kisha akaacha kulia, akafikiri.

Akaingia chamani. Akawa mpole kama maji ya mtungini. "Shemeji, busara unayo, lakini kila siku kuamua wewe tu, utazeeka bure. Tuweke kanuni, nawe upumzike." Kanuni ya kwanza aliipendekeza yeye: njiwa wa juu ya bati hajafika, na hakuna mtu, hata mwenyekiti, wa kuibadili siku ya mashindano. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nani atayakataa maneno ya kinywa chake? Kisha wakamchagua Mama Pindo awe msimamizi, maana hakuwa na rafiki wa kumpendelea.

Akangoja. Misimu ikapita. Mwaka ambao wageni wa vyama vingine walialikwa kwenye fainali, akamwendea shemeji yake dukani.

"Utawapokea wageni na koti hilo? Linanuka kama banda lenyewe."

"Nina jingine basi?"

"Nitakushonea. Zawadi yangu. Niletee hilo nichukulie vipimo."

Kinyozi alimtahadharisha mwenyekiti kwamba njiwa huchagua nguo. Mwenyekiti akacheka hadi kitambi kikatikisika. "Wako labda. Wangu wananijua kwa sauti."

Koti likaja asubuhi ya fainali: satini ya manjano, inang'aa kama sahani mpya. Kuukuu halikurudi. "Limebaki karakana," Mama Pindo alisema. "Shemeji, umependeza, wallahi."

Meza na ubao wa chama viliwekwa uani kwa mwenyekiti. Watu wakakaa wakiangalia juu. Njiwa wake, Waziri, akatokea wa kwanza, mbali na wenzake, wageni wakapiga makofi. Akatua juu ya bati. Mwenyekiti akasogea bandani, akatikisa kopo la mtama, akapiga mluzi. Waziri akaona kitu cha manjano kinapepea. Akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Njoo, baba! Njoo, mwanangu!"

"Aliye juu mngoje chini, shemeji," Mama Pindo alisema kutoka mezani.

Watu wakacheka. Jasho likamtoka mwenyekiti. "Jamani, si mmemwona? Kila mtu amemwona amefika!"

Mama Pindo akasimama. "Kwa hiyo njiwa akionekana na watu wote amefika?"

"Ndiyo! Tuangalie hali!"

"Hata kama ua umejaa watu, akaogopa?"

Mwenyekiti alielewa, lakini Waziri alikuwa bado juu, na wageni walikuwa wakimtazama yeye. "Hata hivyo," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi na Barua wa mdogo wako alifika. Sema wakusikie."

Mwenyekiti akawageukia wageni. "Alifika."

"Kinyozi, lete rangi. Futa jina la mwaka ule, andika la marehemu."

Kinyozi alipaka jina kwa furaha. Alipomaliza, mwenyekiti akageuka. "Haya, nimekubali. Na Waziri?"

"Mwaka ule hatukuwa na kanuni, shemeji, tulikuwa na wewe. Leo kanuni ipo, na mkono wa kwanza kuinuliwa ulikuwa wako. Njiwa wa juu ya bati hajafika."

Papo hapo fundi bomba akaingia mbio, pete mkononi, akaibwaga mezani.

Mama Pindo akaipokea, akatangaza mshindi, akashika mkono wa kila mgeni. Kisha akainama chini ya meza, akatoa mfuko. Ndani yake koti la kahawia, limefuliwa, limepigwa pasi, na pindo jipya chini.

"Vipimo nimekwisha chukua," alimwambia shemeji yake.